Maswali ya wasomaji: Masika yanaingia, nyumbani mmejipangaje?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kutoka kandokando ya Ziwa Victoria, Igombe, Kisesa, Nansio mpaka huko juu milimani Bugarika, na karibia zote zinazungukia jambo moja, yaani kiangazi kifupi cha Januari na Februari ndo kinaisha, jioni mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwani na usiku radi zinasikika kwa mbali, sasa mtu mwenye kieneo chake nyumbani, kuku wachache, matuta mawili matatu na watoto wanaosoma, aanzie wapi. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Habari dada. Tuko Igombe, tuna robo eka nyuma ya nyumba. Juzi usiku imepiga mvua moja kubwa mpaka banda la kuku likavuja, asubuhi majirani wote wako na majembe wanapanda mahindi. Mume wangu anasema tusubiri, mama mkwe anasema tunachelewa, mi niko katikati. Mbegu nimenunua dukani kwa bei na sina nyingine. Tufanyeje?
*Mama wa watatu, Igombe*

Nzuri mama, pole kwa kuwekwa katikati. Kwa hili mi niko upande wa baba watoto, ila mama mkwe naye ana hoja yake nitaifikia.

Udongo wa huko kwenu mwingi ni luseni, kichanga kile, unakunywa maji haraka na unakauka haraka hivyohivyo. Mvua moja ya usiku inaweza kukudanganya kabisa maana juu kumelowa vizuri lakini chini bado ni vumbi. Usiangalie juu. Chukua jembe uchimbe shimo katikati ya shamba kina cha shubiri moja, chota udongo wa chini kabisa uufinye mkononi, ukishikana ukabaki umeshikana basi unyevu umefika, ukimwagika kama ulivyochotwa subiri mvua nyingine. Chimba mashimo matatu sehemu tofauti, maana kwenye robo eka hiyohiyo chini ya mwembe na pale penye jiwe unyevu haufanani. Mahindi yakiota kwa mvua moja halafu jua likawaka wiki mbili, mche unakufa ukiwa na majani mawili na hiyo mbegu ya dukani ndo imeenda.

Sasa ya mama mkwe. Ni kweli kuchelewa kuna hasara, masika yetu kwa kawaida yanakwisha Mei, na mahindi yaliyopandwa nyuma ya wenzake ndo yanayoliwa sana na viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini 2017 na hawajaondoka tena. Kwa hiyo kusubiri kusiwe kukaa. Wiki hii malizeni kulima, tawanyeni samadi iliyooza, chorea mistari ya mahindi sentimita 75 kwa 30 ili mvua ya pili ikishuka kazi ibaki kufukia mbegu tu, asubuhi moja mmemaliza. Na kuna kitu mnaweza kupanda mvua ya pili ikishashuka bila wasiwasi mkubwa, viazi vitamu. Kata marando ya sentimita 30 kutoka ncha za juu, sio yale ya shinani yaliyozeeka, yalaze kivulini siku moja au mbili yanyauke kidogo kisha uyapande kwenye matuta. Kama marando yameisha kwa kiangazi, watu wengi huku wanayatunza pale yanapomwagikia maji ya kuogea, ulizia jirani. Ukipata ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, chukua hata kama ni machache, vina vitamini A na watoto wanavipenda maana vina utamu.

Mahindi yakishaota na kufika magotini watume watoto kila baada ya siku mbili tatu wafungue moyo wa mahindi asubuhi waangalie vinyesi kama unga wa mbao, wakiona waponde kiwavi au wamimine majivu kidogo palepale moyoni. Kwenye robo eka hiyo ni kazi ya nusu saa kabla ya shule na haihitaji sumu. Na msikilize utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanautoa mapema na unagusa kanda yetu ya Ziwa moja kwa moja, sio lazima mbishane nyumbani wakati redio imeshasema.

Mambo vipi. Mi kijana nafuga kuku wa kienyeji Kisesa. Kila kiangazi kikiisha ugonjwa unapita unafagia, kuku anasinzia, anaharisha kijani, shingo inapinda, kesho kafa. Mwaka huu nimebakiwa na wazima na sitaki kuanza upya. Nimeambiwa pilipili na shubiri mwitu vinatibu, ni kweli?
*Mfugaji, Kisesa*

Kaka, hicho unachoelezea ni kideri, wengine wanaita mdondo, na nikuambie wazi kwamba hakina dawa. Ni kirusi. Pilipili na shubiri mwitu havitamwokoa kuku aliyeshaanza kupinda shingo, na kila siku unayopoteza ukimnywesha ndo siku anayowaambukiza wenzake. Kinachofanya kazi ni chanjo, na inatolewa kwa kuku mzima tu. Ukichanja kundi lililoshaanza kuugua utaona wanakufa halafu utasema chanjo ndo imewaua.

Kuna chanjo ya kideri inaitwa I-2, inatengenezwa hapahapa nchini na inavumilia joto kuliko zile za zamani, ila bado iweke kwenye ubaridi, usiitembeze juani kwenye mfuko wa shati. Tone moja kwenye jicho moja. Mshike kuku kwa utulivu, mgeuze kichwa kiwe ubavu, dondosha, subiri apepese jicho ndo umwachie, asipopepesa tone limeanguka nje. Chanja wote siku moja, majogoo, mitetea na vifaranga, rudia kila baada ya miezi 3, na ujue kinga inachukua kama wiki mbili kukomaa kwa hiyo fanya sasa hivi. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana kuliko ulio nao, ongea na nyumba tano sita za jirani mchange, mchanje siku hiyohiyo, na hii sio kwa ajili ya hela tu, kuku wenu wanachangamana njiani, ukichanja peke yako umelizunguka banda lako kwa ugonjwa. Mtafute afisa mifugo wa kata akuoneshe mara ya kwanza.

Mvua zikikolea kuna mwingine anakuja, ndui. Hiyo inabebwa na mbu, utaona vipele vyeusi kwenye upanga na kuzunguka macho, hasa kwa vifaranga. Nayo ina chanjo yake ya kuchoma kwenye bawa. Fukia madimbwi yaliyo karibu na banda na sakafu iwe kavu, weka maranda au pumba za mpunga, toa zilizolowa.

Kuhusu chakula maana najua utauliza: mchwa. Chukua chungu kikuukuu au debe, jaza mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, nyunyiza maji kidogo, kiinamishe juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha, kiinue kwa haraka umwage mbele ya vifaranga. Utawaona walivyo, wanakimbizana na mmoja mwenye mchwa mdomoni mpaka wanamnyang'anya. Mvua zikishika vizuri kumbikumbi watatoka wenyewe, kusanya chini ya taa, mtakula nyie na kuku watapata. Dagaa wa kuku nunua wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa taa hawapati kitu na bei inapanda.

Dada yangu pole na kazi. Mdogo wangu yuko Marekani, jimbo la Vermont, kaolewa huko na wanaishi shamba. Ananitumia picha kila siku, mwezi huu ndo wanatoka kwenye baridi, theluji bado ipo, na eti wanaotesha nyanya ndani ya nyumba dirishani, na mume wake anatoboa miti anakinga maji yanayotoka anayachemsha wanapata kitu kama asali. Sasa naona wenzetu wako mbele, na sisi tuoteshe ndani? Na kuku wake alikuwa ananiambia hawakutaga miezi mitatu, wangu wanataga tu, nina siri gani?
*Shemeji wa Wamarekani, Nyegezi*

Nimeipenda hii barua, asante sana. Mdogo wako yuko kwenye kipindi kigumu na kizuri kwa pamoja. Huko Vermont baridi ya mwisho ya kuua miche inaweza kupiga mpaka mwezi wa tano, na nyanya ikiguswa na barafu usiku mmoja imekwisha. Sasa wakisubiri mpaka Mei ndo waanze mbegu, nyanya zitakuwa hazijaiva na baridi nyingine imerudi, maana joto lao ni miezi michache. Ndo maana wanaanza kwenye trei ndani wiki sita mpaka nane kabla. Wananunua muda. Sisi muda tunao mwaka mzima, kinachotusumbua ni maji, yakikosekana na yakizidi.

Ule mti ni mepo, kwa Kiingereza maple. Ukitaka utoe maji yake lazima usiku uwe wa kuganda na mchana uyeyushe, huko kupanda na kushuka ndo kunasukuma maji ndani ya mti, na ikishafika siku ambazo hata usiku hakugandi na machipukizi yanaanza kutoka, msimu wake umekwisha. Maji yenyewe ni mepesi kama ya kunywa, yana utamu kwa mbali tu, inabidi uchemshe kama lita 40 upate lita 1 ya sharubati. Fikiria kuni hizo! Mwambie mdogo wako anayestahili pongezi ni anayekaa na ule moto. Na usitoboe mwembe wako, hautakupa kitu.

Ya kuku haina siri yoyote mama. Kuku anataga kwa mwanga. Akipata saa kama 14 za mwanga anataga vizuri, zikipungua sana mwili wake unasimamisha. Kule Desemba mchana wao ni kama saa 9 tu, hapa tuko karibu na mstari wa ikweta mchana wetu ni saa 12 na kidogo Januari mpaka Desemba, jua linatoka saa 12 na kitu na kuzama saa 12 na kitu kila siku. Kwa hiyo wako wakiacha kutaga usitafute sababu kwenye majira, angalia chakula, utitiri, au kama anataga kichakani.

Sasa cha kujifunza kwake kipo, nacho ni kitalu. Nyanya ukizipanda wazi katikati ya masika huku kwetu unawapandia ukungu, bakajani linashuka na zile mvua za mfululizo na ndani ya wiki moja shamba limekuwa jeusi kama limemwagiwa maji ya moto. Mi nashauri masika yote shamba la wazi liwe la mchicha, kunde, maharage, viazi na majani ya maboga, nyanya ziwe kitaluni. Sia mwishoni mwa Aprili chini ya kibanda kidogo cha nyasi au neti ya kivuli kinachokinga matone makubwa, miche ikifika wiki nne mpaka tano unahamishia shambani mvua zinapokata, na wewe Julai na Agosti unavuna. Dirisha la Nyegezi liache lipitishe upepo wa ziwa.

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea kwa redio. Mimi mzee nina bustani ya mboga ufukweni, gugu maji yanajaa upepo ukivuma kutoka ziwani. Naweza kuyafanya mbolea? Na wajukuu ndio wanaoteka maji ya kumwagilia, mmoja analalamika tumbo.
*Babu, upande wa Sengerema*

Marahaba ni ya kwako mzee wangu, mimi ndiye wa kuamkia, shikamoo tena. Naomba nianze na huyo mjukuu kabla ya mbolea. Kichocho kiko ziwani kwetu kwa wingi, konokono wake wanakaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, hapohapo watoto wanaposimama kuteka, na vijidudu vinapenya kwenye ngozi bila mtoto kusikia chochote. Mpeleke kituo cha afya apimwe choo, hasa kama kuna damu, dawa ipo na inafanya kazi. Na wengine nao wapimwe maana wote wanaingia maji yaleyale. Halafu mtindo wa kuteka ubadilike: wateke asubuhi na mapema, kwa maana mchana jua likiwa kali ndo vijidudu vinatoka kwa wingi kwenye konokono, wasisimame ndani, wawe na gati fupi la mbao au ndoo yenye kamba, na kama mna pipa, yajae yafunikwe yakae siku 2 kamili kabla ya kutumiwa, vijidudu vinakuwa vimekufa. Konokono wasiingie humo.

Gugu maji ndiyo mzee, ni mbolea, lakini sio yakiwa mabichi. Yavute mbali na maji, yaanike siku tatu yanyauke maana karibu yote ni maji matupu, yakatekate, panga tabaka na nyasi kavu, samadi na majivu, geuza kila baada ya wiki mbili. Rundo la kimo chako litaishia magotini, usishangae. Usiliache rundo ukingoni, kipande kimoja kikirudishwa na wimbi kinaota. Na yale yanayoota karibu na mito inayobeba majitaka ya mjini usiyatumie kwenye mboga za majani, gugu maji lina tabia ya kufyonza madini mabaya kwenye maji na kuyahifadhi, hayo weka kwenye miti ya kivuli.

Jambo la mwisho mzee, kwa heshima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hata bila sheria, uliona 2020 ziwa lilivyopanda likameza bustani za watu. Kama una ardhi juu kidogo, mwaka huu sogeza matuta huko taratibu na pale ukingoni acha matete na majani yarudi, yanashika udongo usiingie ziwani, na samaki wadogo wanajificha humo.

Shikamoo. Mimi nasoma darasa la tano Nansio. Kwenye nyaya za umeme kuna ndege wengi wadogo, mkia umechanika mara mbili, mwalimu anasema ni mbayuwayu. Kila mwaka zikianza mvua kubwa wanapotea. Wanaenda wapi?
*Mwanafunzi, Ukerewe*

Marahaba mwanangu, una macho mazuri. Wale wenye koo jekundu kama kutu na mkia mrefu uliochanika ni wageni. Kuanzia Septemba na Oktoba wanakuja kwetu kutoka Ulaya na Asia, kwa sababu kule baridi ikiingia wadudu wanaoruka wanakwisha, na mbayuwayu anakula akiwa anaruka, hawezi kuchimbua. Huku kwetu ziwa linawalisha, yale makundi ya wadudu unayoyaona juu ya maji kama moshi, kwake ni chakula. Mwezi wa tatu na wa nne kule theluji inayeyuka, mashamba yanaamka, nzi wanarudi, mchana unakuwa mrefu kuliko wetu kwa hiyo mzazi anapata saa nyingi za kuwinda kwa ajili ya watoto. Basi wanaondoka, wanavuka jangwa la Sahara, wanarudi mara nyingi kwenye zizi lilelile walilojenga kiota cha matope mwaka uliopita. Ndege mwenyewe ana uzito wa kama gramu 20 tu.

Sio wote wanaoondoka, wapo mbayuwayu wa hapahapa wanaojenga chini ya paa za nyumba zetu mwaka mzima, msibomoe viota vyao, wanakula mbu. Na angalia juu siku hizi saa nne saa tano asubuhi hewa ikipata joto, utaona korongo weupe wenye mabawa yenye ncha nyeusi wanazunguka wakipanda bila kupiga mabawa, nao wanarudi kaskazini, na wanapotua shambani wanakula viwavi na panzi, msiwarushie mawe. Andika kwenye daftari tarehe ya mwisho uliyowaona mbayuwayu wa koo jekundu, Septemba uandike ya kwanza, umpe mwalimu.

Sisi tuko Bugarika juu mawe matupu, maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Bati letu ni la vyumba viwili. Je inafaa kuweka gata au ni kupoteza hela? Na michembe yangu ya mwaka jana, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, imeingia wadudu.
*Mama wa mlimani*

Inafaa sana mama, piga hesabu mwenyewe: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba kwa mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ni mvua ya kawaida tu, ni lita 800, toa zinazorukia pembeni bado una mapipa matatu yamejaa. Kama hela ya gata zima haipo weka upande mmoja wenye mteremko. Dakika za kwanza za mvua acha maji yamwagike, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, ndo uelekeze kwenye pipa. Funika kwa neti mbu wasizalie, na ya kunywa yachemshwe.

Mawe yasikukatishe tamaa, chukua kiroba, simamisha bomba pana au kopo lisilo na kitako katikati, ndani ya kopo jaza kokoto, pembeni udongo na samadi, pandisha kopo juu kadiri unavyojaza mpaka mwisho ulitoe. Ile nguzo ya kokoto inapeleka maji mpaka chini. Toboa ubavuni upande figiri na mchicha, juu mnavu. Viroba vitano vinatosha mboga ya nyumba na vinakaa popote, hata juu ya jiwe, ila mvua ya upepo wa ziwa viegemeze ukutani.

Michembe pepeta, toa iliyotobolewa sana uwape kuku, mizuri ianike kwenye jua kali siku mbili hizi kabla mvua hazijakolea, igeuze, ikipoa kabisa ndo uweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza. Ukifunika ikiwa na joto itatoa jasho na kuota ukungu. Matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, vifanyie hivyohivyo, na uvile kwanza kabla mboga mpya haijaanza kuchumwa.